Kamera ya Kuiba Kicheko

Katika komini ya Kenya, ambayo si ile nchi bali ni mtaa mkubwa wa Lubumbashi, zipu ya mfuko wa Onésime Kabwe ilijulikana kuliko kengele ya parokia. Ilikuwa zipu ndefu ya chuma, yenye sauti ya kukwaruza, na ikifunguka tu, kila aliyekuwa karibu aligeuka sanamu. Wanaume walivuta matumbo ndani. Akina mama walinyoosha vitambaa vya kichwa, wakaweka mikono miwili juu ya magoti, wakatazama mbele kama watu wanaosomewa hukumu. Kwa miaka thelathini na miwili Onésime alikuwa amewapiga picha watu wa Kenya kwenye ndoa, ubatizo, sherehe za diploma na vilio, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amewapata wakiwa hai mara chache sana. Picha zake zilikuwa safi, zenye mwanga mzuri, na nyingi zilionekana kama zimepigwa kituo cha polisi.

Na katika hao wote hakuna aliyekakamaa kama mke wake. Kinyozi hajinyoi, wahenga wamesema, ila huyu kinyozi alikuwa amejaribu sana, wembe ndio uliokataa kukata.

Mke wake ni Geneviève Mwenya, lakini ukimuulizia kwa jina hilo utazunguka avenyu nzima bila kumpata. Uliza Mama Bénit, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Uani kwake huuza munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ambacho siku ya kwanza ni kitamu na siku ya tatu kina maneno yake. Munkoyo wake ni mzuri, sikatai, lakini watu hawavuki mitaa mitatu kwa ajili ya munkoyo peke yake. Huja kusikia Mama Bénit akicheka. Kicheko chake huanzia chini ya tumbo, kinatulia kidogo kama kinaomba ruhusa, halafu kinalipuka, naye humshika bega aliye karibu na kumtikisa mpaka kikombe chake kimwagike. Aliyemwagikiwa hununua kingine. Nadhani ndiyo maana biashara inaendelea vizuri.

Sasa mama huyohuyo mwonyeshe kamera. Meno yanafungwa kama duka la siku ya mgomo.

Kuna desturi katika avenyu ile ambayo lazima niieleze. Mama akifika umri fulani hawaachii wengine wamchagulie picha itakayowekwa mlangoni siku ya kilio chake. Anaichagua mwenyewe, macho yake yakiwa bado yanaona. Geneviève alianza akiwa na miaka arobaini na minane. Kila Januari alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye kigoda mbele ya pazia la bluu, akamwambia mumewe, "Piga." Na Onésime akapiga. Zilikuwa zimefika picha kumi na moja, zimelazwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda. Vitenge vilibadilika. Uso haukubadilika hata kidogo: ulikuwa uso wa afisa wa forodha wa Kasumbalesa aliyekuta mzigo usio na karatasi.

Onésime alizoea. Mtu huzoea. Lakini Noeli iliyopita Bénit alikuja kutoka Kolwezi na binti yake Séphora, mwenye miaka minne, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajafika Lubumbashi. Ukutani kwao Kolwezi walikuwa wametundika mojawapo ya picha zile za kilio, ya sita kama sikosei, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Mtoto aliingia uani, akamkuta bibi yake anacheka na upawa mkononi. Akamtazama sana. Kisha akamgeukia baba yake, akamuulizia kambo, yaani bibi.

"Papa, kambo ule mwingine eko wapi? Ule wa kukasirika?"

Ua mzima ulicheka, na Geneviève alicheka kuliko wote. Onésime naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya choo akasimama huko peke yake, kwa sababu jambo lile lilimuuma. Aliona siku moja itafika, na mtoto yule hatakuwa na bibi mwingine isipokuwa yule wa forodha. Watu watamwambia, "Kambo wako alikuwa anacheka mpaka mabati yanatikisika," naye ataangalia ukutani na hataamini. Na nani atakuwa na hatia? Si mume wake, mpiga picha, aliyekaa naye nyumba moja miaka thelathini na miwili bila kumwonyesha kwa mtu?

Hapo hapo, nyuma ya choo, aliamua. Alitaka picha moja tu. Moja, ya Geneviève anavyocheka.

Kamera yake kubwa haikufaa. Kamera za namna ile zina kioo ndani, na kila ukipiga kioo kinaruka na kurudi: klak! Hata kabla ya klak kulikuwa na zipu, na kabla ya zipu kulikuwa na Onésime anainama kuchukua mfuko, na hapo tayari Geneviève amekwisha kunyoosha kitambaa. Simu alikuwa ameijaribu mara nyingi. Geneviève aliiona simu inayoinuliwa hata ikiwa upande wa pili wa ua, tena nyuma ya mtu. Mara mbili alizofaulu kuiba, ilikuwa jikoni kwenye kiza, na kwa kuwa Geneviève hucheka kwa mwili mzima, simu ilimpa ukungu wenye meno.

Basi mwezi mzima wa Januari alisoma habari za kamera ndogo zisizo na kioo. Alisoma mchana, amejifungia chumbani, na mkewe alipoingia aliigeuza simu kifudifudi haraka sana hivi kwamba Geneviève alianza kumtilia shaka ya aina nyingine kabisa. Alitafuta kamera ya kuingia mkononi, isiyo na sauti, inayoona kizani, inayoweza kupiga bila kuinuliwa hadi jichoni, na ya bei isiyozidi akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya flashi mpya. Kila aliyoipenda ilikuwa na kasoro moja, nayo ni bei.

Pembeni ya soko la Kenya kuna duka la Mardochée, mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa jumla wa tochi, redio na paneli za jua. Ni Mkristo wa kweli, shemasi wa kanisa lake, na hakutajii bei kabla hajamsifu Bwana. Ndani ya kabati la kioo alikuwa na kamera kadhaa zilizotumika, zilizotoka Japani zikapitia Dubai.

"Bwana asifiwe, Papa Onésime."

"Amina. Natafuta apareyi kidogo," Onésime alisema, akizionyesha zile kamera kwa kidole.

"Kidogo ya nani? Ya mutoto?"

"Yangu."

Mardochée aliweka kalamu chini. "Papa, weye uko fotografe mukubwa. Ukifika ku ndoa na kintu kama kipande ya sabuni, bantu batasema ulifilisika."

Alisema kweli. Lubumbashi mpiga picha hupimwa kwa uzito wa kilichoning'inia shingoni mwake, na wapo wawili ninaowajua ambao hubeba lenzi isiyofanya kazi ili mradi iwe ndefu.

"Haiko ya ndoa," Onésime alisema. "Iko ya kila siku."

"Kila siku kuko nini ya kupiga foto?"

Onésime aliona jibu ni refu mno kwa dukani, akaomba aonyeshwe zilizopo.

Mardochée alimtolea tatu. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, ndogo kama pakiti ya sigara, nzuri ya kubusu. Alipoiwasha, lenzi ikajitokeza yenyewe: ziiii, kama mbu ndani ya chandarua.

"Hapana," Onésime alisema. "Hii atasikia. Anasikiaka hata mende."

"Nani?"

"Mutu mumoja."

Ya pili ilikuwa na kidirisha cha jicho na mshiko wa kujaa mkononi, na betri yake ilikaa siku nzima. Onésime aliipenda. Aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaizungusha, akainusa hata. Lakini kamera ya kidirisha inakuvuta uinue mkono hadi usoni, na mtu mwenye mkono usoni anaonekana kutoka komini ya Ruashi. Tena bei yake ilikuwa ya kuezeka nusu ya nyumba. Akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, bapa, imekwaruzwa pembeni. Lenzi yake ilikuwa fupi na nene, haivuti mbali wala karibu, ukitaka mtu awe mkubwa umfuate kwa miguu. Lakini lenzi yenyewe ilifumbua jicho sana na kuridhika na mwanga kidogo. Kioo cha nyuma, kile cha kutazamia picha, kiliinuka, ukaweza kushika kamera tumboni na kutazama chini, kama mzee anayeangalia kifungo cha mkanda wake. Na ilikuwa rahisi kuliko zote kwa sababu maandishi yake yote ya ndani yalikuwa ya Kijapani na hayakubali kubadilishwa.

"Inasemaka Kijapani," Mardochée alikiri. "Lakini foto haina luga."

Onésime aliichukua. Video alizozitazama mwezi mzima zilikuwa zimemfundisha kwamba sauti huzimwa ukurasa wa pili, mstari wa nne. Akabonyeza, akahesabu mistari, akazima sauti. Kisha akaenda kusimama mlangoni, kwenye jua la saa sita, kamera tumboni, akauliza bei ya mwisho.

Mardochée aliapa. Aliapa kwa Mungu aliye hai kwamba kwa dola mia mbili na themanini anapata hasara, kwamba watoto wake watalala njaa, kwamba ni upendo tu. Alipomaliza, Onésime alimgeuzia kioo. Kulikuwa na picha kumi na nne. Katika iliyo bora kuliko zote shemasi alikuwa ameinua macho mbinguni, mkono mmoja kifuani, na mkono wa pili unafunika kalkuleta iliyokuwa inaonyesha bei aliyonunulia.

"Hii umepiga saa ngapi?"

"Wakati ulikuwa unaapa."

Mardochée alitazama mlangoni kama kuna muumini anayepita. Kisha akapunguza dola arobaini kwa sharti kwamba zifutwe zote mbele yake. Onésime alizifuta mbele yake. Alifuta kumi na tatu.

Alitoka pale akiwa na furaha ya mwizi aliyeuziwa ufunguo. Lakini mtu wa miaka thelathini na miwili katika kazi alikuwa ametafuta kamera ya kizani, akaijaribu juani. Hilo nalitaja tu, tuendelee.

Nyumbani aliivaa shingoni ndani ya shati, ikakaa juu ya kitambi, kioo kikitazama juu na lenzi ikichungulia kati ya vifungo viwili. Alijiona mjanja. Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba mwanaume asiye na kazi jikoni anaonekana kuliko kamera. Siku ya kwanza mkewe alimkuta amesimama kati ya masufuria.

"Papa Bénit, uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini unakaa mu jiko yangu?"

"Natafuta chumvi."

Siku ya pili alitafuta chumvi. Siku ya tatu alitafuta chumvi asubuhi na jioni. Geneviève aliwatangazia wateja, "Bwana yangu alianza kula chumvi kama ng'ombe," akacheka, na Onésime akabonyeza kwa haraka na kupata sikio lake la kushoto. Kwa siku nne alipata sikio, upawa, pindo la kitenge, na mara saba kiwiko cha mzee Ngosa, fundi wa reli aliyestaafu, mteja wa kila siku ambaye alikuwa na kipaji cha kuingia mbele ya lenzi asiyoijua.

Siku ya tano mawingu yalijikusanya upande wa Luano, meusi, na umeme ukakatika saa tisa alasiri. Wateja wanne waliingia jikoni kukwepa mvua. Kulikuwa na kiza kizuri, mwanga ukiingia mlangoni tu na kidogo kutoka kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Onésime alijibanza kwenye kona ya magunia, kidole tayari, maana aliona kabisa kwamba mzee Ngosa ameanza hadithi.

Mzee Ngosa alikuwa anasimulia jinsi alivyotoka usingizini na kumfukuza mwizi wa kuku, amevaa shuka peke yake, mpaka barabara kubwa. Alimkamata. Alimpiga kofi. Akaita majirani. Mbele ya majirani wote ndipo alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemuuzia yule kijana kuku huyo, jioni iliyotangulia, akamwambia aje kumchukua alfajiri.

"Na shuka?" Geneviève aliuliza.

"Shuka ilibakia ku njia."

Kicheko kikaanza kule chini. Kikatulia kidogo. Onésime aliinamisha macho, akamwona mzima ndani ya kioo, amekaa vizuri, uso umeanza kufunguka, akabonyeza kifungo nusu ili kamera imtafute.

Na kamera, kwa kuwa kulikuwa na kiza, ikawasha taa yake. Zipo nyingi za namna hiyo: zisipoona, zina kijitaa cha rangi ya chungwa pembeni ya lenzi cha kujimulikia. Juani hakiwaki. Kiliwaka sasa, kikaweka nukta nyekundu-njano katikati ya kifua cha Geneviève.

Mzee Ngosa ndiye aliyeiona kwanza. "Moto!" alipiga kelele. "Mama Bénit, unaungua!" Na kwa kuwa alikuwa mtu wa reli, aliyefundishwa kuzima moto kabla ya kuuliza, akammwagia jagi zima la munkoyo. Wale watatu wengine hawakutaka kuonekana watu wasio na huruma. Kila mmoja akamwaga kikombe chake.

Geneviève alisimama anachuruzika. Nukta ilikuwa bado ipo. Aliitazama kifuani, akaigusa, ikapanda juu ya kidole chake. Akafuata njia ya mwanga pole pole, akavuka mbabula, akavuka magunia, mpaka kwenye shati la mumewe.

"Papa Bénit," alisema, "tumbo yako inawaka."

Wateja wakakumbuka ghafla kwamba mvua si kubwa kiasi hicho. Geneviève alifungua vifungo viwili, akatoa kamera, mkanda ukimnyonga kidogo Onésime kabla haujamtoka kichwani. Siku za mwizi arobaini. Za huyu zilitosha tano. Alingoja kelele. Kelele angezimudu, alikuwa ameandaa uongo wa aina tatu.

"Unaniiba?" Geneviève alisema. "Mu jiko yangu? Na hii kitambala ya kupikia ku kichwa?"

"Nilitaka moja tu. Vile unachekaka."

"Kama ya Nono?"

Onésime hakuelewa. Nono alikuwa dada mdogo wa Geneviève, aliyefariki zamani Likasi. Miezi michache kabla ya kifo chake, kwenye ndoa ya binamu, Onésime alimpiga picha akiwa na paja la kuku mkononi, mdomo wazi, anacheka na macho yamefumba. Kwa Onésime hiyo ndiyo picha bora aliyowahi kupiga maishani. Nono alipokufa aliikuza mwenyewe, akaitia fremu kwa gharama yake, akawapelekea shemeji zake, nao wakaiweka mlangoni. Siku tatu za kilio watu waliingia na kuitazama, na yeye aliona wanaiangalia kwa upendo.

"Ulikuwa inje na banaume," Geneviève alisema. "Miye nilikaa chini ya ile foto siku tatu. Bamama ba kule kwa bwana yake banapita, banasema, 'Angalia huyu, alisha kufa na bado anakula.' Siku tatu. Na mama yangu alikuwa anasikia."

Onésime alikaa juu ya gunia. Hesabu ilimjia bila kuitafuta: Nono alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na picha zilizomo ndani ya sanduku la chuma zilikuwa kumi na moja. Mara kumi na moja mke wake alikuwa amekaa mbele ya pazia la bluu kuhakikisha hakuna atakayemcheka akiwa hana mdomo wa kujibu, na yeye mara kumi na moja alikuwa amemwambia, "Legeza uso kidogo, Mama Bénit." Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Sikujua," alisema.

"Haukuuliza. Weye unapigaka tu."

Alifunga kamera kwenye ncha ya kitenge chake, akaenda kubadilisha nguo.

Onésime hakuiomba. Siku tatu zilipita. Alienda kupiga ubatizo Ruashi na ile kubwa, akarudi, akala bukari yake, yaani ugali, na neno chumvi halikutamkwa na mtu. Aliwaza kuirudisha kwa Mardochée, achukue flashi, yaishe. Siku ya nne mvua ilinyesha tangu adhuhuri, ikipiga mabati kwa nguvu, mteja hata mmoja hakuja. Alimkuta Geneviève mezani jikoni. Kamera ilikuwa mbele yake, imewashwa, naye anaibonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayepima kama ndizi imeiva.

Kijapani hakikumsumbua. Alikuwa amegundua alama moja tu, alama ya pipa la takataka, na pipa ni pipa kila nchi. Sikio lake lilikwisha kwenda. Upawa ulikwenda. Viwiko saba vya mzee Ngosa vilikwenda.

"Kaa," alisema.

Onésime alikaa.

"Utapiga. Lakini apareyi itakuwa hapa ku meza, niione. Ukimaliza kupiga unanipa, miye naangalia, na miye njo mwenye kufuta. Haiko weye. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na ile taa yake?"

"Nilisha kuibandika kipande ya plasta."

"Haya. Piga."

Alipiga. Ilitoka forodha, kwa mazoea. Geneviève aliitazama. "Huyu mama anadai nani?" Akafuta. Ya pili: "Kidevu iko mbili." Akafuta. Ya tatu alikuwa amefumba macho. "Hapa nilisha kufa," alisema, na pembe moja ya mdomo ikacheza kidogo. Akafuta. Ya nne ilikuwa pua tupu, kwa sababu Onésime alikuwa ameisogeza kamera karibu mno. Ya tano, ya sita. Alizifuta kwa raha, kama mtu anayechambua mchele na kukuta mawe mengi kuliko alivyotarajia, na kila moja akaisomea kosa lake. Ya nane alipoiona alishindwa. Kicheko kilimtoka, Onésime akabonyeza, na safari hii kilikuwa ndani: chote, na meno, na macho.

Geneviève alikitazama. Akakifuta.

"Ayi! Mama Bénit!"

Onésime alipiga yowe kama mtu aliyeangushiwa nyundo kidoleni. Miaka thelathini na miwili, na kilikuwa kimekaa duniani kwa muda wa sekunde nne. Yowe lile lilimmaliza Geneviève kabisa. Alicheka akagonga meza. Onésime akapiga, mkewe akafuta. Akapiga tena, Geneviève akafuta, machozi yakimtoka, hata bila kuangalia vizuri, kwa utundu mtupu, ili asikie tena lile yowe. Onésime akamsihi. Akamtajia Séphora. Akafutiwa. Betri ya kamera ndogo nayo ni ndogo, na alama yake ilikuwa imeanza kuwaka nyekundu pembeni.

Akapiga moja ya mwisho, akampa.

Geneviève aliweka kidole juu ya pipa, halafu akaitazama. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza hadi sikioni. Mdomo ulikuwa wazi wote, jino moja la nyuma halipo, kila mtu aone. Na mbele kabisa, mkubwa, umefifia kidogo kwa mwendo, kulikuwa na mkono wake umenyooshwa kuelekea kwenye kamera, kwenda kushika bega la aliye nyuma yake.

Mvua iliendelea kupiga mabati. Onésime aliikalia mikono yake, maana alikuwa amejifunza.

"Hivi njo unanionaka?"

"Kila siku."

Kidole kilibaki pale. Kisha akakiondoa, akakifuta kwenye kitenge, akaizima kamera mwenyewe.

"Ya kilio ni ya bantu," alisema. "Hiyo haibadiliki, Januari utanipiga tena. Hii iko yako. Séphora umuonyeshe. Mutu mwingine, hapana." Akaisukuma kamera upande wake wa meza. "Na ukinitangulia kufa, naifuta siku ile ile."

Onésime aliichukua kwa mikono miwili, akamwambia kwamba, kama mambo ndiyo hayo, itambidi aishi.